Ujumbe mmoja, groupe ya likelemba, na bamama wawili waliotoka

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi juu ya likelemba, yaani mchango wa kikundi unaozunguka kwa zamu:

"Prof, jambo. Miye ni présidente wa likelemba ya bamama 22, kila mtu anatoa dola 20 kwa mwezi. Mwezi uliopita niliandika kwenye groupe ya WhatsApp kwa Kiswahili: 'Bamama, jambo yenu. Tusisahau likelemba yetu ya mwezi. Mungu abariki.' Wakanitumia mikono ya maombi, makuta hakuna. Mwezi huu nikaandika kwa Kifaransa: 'Chères membres, vous êtes priées de verser votre cotisation au plus tard vendredi à 17h. Passé ce délai, une amende de 5 $ sera appliquée. La Présidente.' 17 walilipa siku ileile. Lakini wawili wakatoka kwenye groupe, na mwingine akaniuliza: 'Maman, siku hizi umekuwa bureau?' Binti wa dada yangu anasema ningechanganya lugha. Mtoto wangu wa université anasema kuchanganya ni kwa watu wasiojua lugha hata moja. Nani iko na raison? Na ile ya Kifaransa niifute?"

Jambo sana, Maman Présidente. Binti wa dada yako iko na raison, kwa neno lako mwenyewe, na neno hilo nimelipenda. Ungeweza kuandika "nani ana haki", lakini haki ni ya tribunal na ya kanisa. Anayeikosa ameanguka mbele ya watu. Anayekosa raison amekosea tu, na mezani mnaendelea kula. Umechagua bila hata kufikiri, kwa ajili ya ugomvi mdogo wa nyumbani kati ya watoto wawili unaowapenda. Hilo peke yake lingetosha kumjibu mwanao, ila kwa kuwa ni mwanachuo nitampa zaidi huko mbele.

Kwanza jumbe zako. Ule wa Kifaransa, kwa asiyekijua, unasema: mnaombwa kutoa mchango wenu kabla Ijumaa saa 11 jioni haijapita, baada ya hapo itatozwa faini ya dola 5. Ukiziangalia kwa haraka, unaona neno moja limesemwa kwa lugha mbili. Kumbe kila moja imefanya kazi yake.

Mwaka 1955 mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, alitoa mihadhara kule Harvard juu ya jambo ambalo mabibi zetu walilijua bila kupanda ndege: yako maneno ambayo kuyasema ndiyo kuyafanya. Padri akisema "nakubatiza", haelezi habari za ubatizo, mtoto amebatizwa. Austin alikufa 1960, mihadhara ikatoka kitabu 1962. Alitenganisha maneno yenyewe, tendo linalofanyika kwa kuyasema (kuomba, kuamuru, kuahidi, kuonya), na yale yanayompata msikilizaji baadaye (kulipa, kununa, kutoka kwenye groupe). Walimu wa Kiswahili huyaita vitendo uneni. John Searle alikuja kuyapanga mafungu matano, lakini likelemba yako haihitaji matano.

Tazama ujumbe wa Kiswahili. Kitenzi ni "tusisahau". Hukusema walipe, umesema wasisahau. Na wa kutosahau ni "sisi", wewe ukiwemo, kwa hiyo hakuna mmoja aliyeona kidole kimeelekezwa kwake. Tarehe hakuna, kiasi hakuna. Halafu ukafunga na "Mungu abariki", na kwetu hapa ndivyo mkutano unavyofungwa. Sasa wenzako walisoma nini? Walisoma sala ya kufunga, na sala jibu lake ni amina. Ile mikono ya maombi ndiyo amina yenyewe. Walikujibu sawasawa na ulichofanya, hawakukataa kulipa, kwa sababu hakuna aliyewaambia walipe.

Usije ukadhani nasema Kiswahili hakiwezi kuamuru. Mji wetu umezaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya kazi kwa watu waliotoka pande nyingi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, alichapisha mwaka 1986 utafiti juu ya namna utawala wa wakoloni ulivyokitwaa Kiswahili ukakifanya chombo chake. Kiswahili cha kapita, msimamizi wa kazi, hakikuwa na "tusisahau". Lugha haizaliwi ya upole wala ya ukali. Inachukua harufu ya mikono iliyoishika. Leo karatasi ya amri imehamia Kifaransa. Katiba ya 2006 inakitaja kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Convocation inakuja kwa Kifaransa, facture pia, bulletin ya mtoto, barua ya mwenye nyumba anayetaka mtoke. Mtu akiona "vous êtes priées", kabla hajasoma mbele mwili wake umeshajua ni karatasi ya namna gani.

Ndiyo maana 17 walilipa. Soma tena ule ujumbe, mama. "Vous êtes priées": nani anaomba? "Une amende sera appliquée": nani atatoza? Hakuna mtu. Kifaransa cha ofisi kina ufundi wa kumficha anayeamuru. Na chini kabisa, palipotakiwa kuwa na jina ambalo bamama wale wanakuita kila siku, umeweka cheo. Wakalipa kama mtu anavyolipa facture ya maji, na aliyeleta facture hapati "Mungu abariki" ya mtu. Yule aliyesema umekuwa bureau hakukutukana. Ametoa uchambuzi wa vitendo uneni katika neno moja, na mimi darasani ningempa alama nzuri.

Wale wawili waliotoka ndio wananihangaisha zaidi. Chukua mama mmojawapo ambaye wiki ile hakuwa na dola 20. Ungekuwa umeandika kwa Kiswahili, angejibu palepale, "Yaya, univumilie mpaka dimanche", na hakuna ambaye angeshtuka. Lakini lugha ya swali inaita lugha ya jibu. Kwa ujumbe ule, ili aombe siku mbili ilimpasa aandike Kifaransa, cha ngazi ileile, mbele ya watu 20 wanaosoma, na labda mmoja wao atacheka accent iliyokosewa mahali pake. Angejibu kwa Kiswahili, angeonekana ameshindwa kupanda ngazi. Angekuja pembeni, je? Ujumbe haukusema mlango wa pembeni upo. Milango yote ya kusema imefungwa, tendo lililobaki wazi ni moja: kutoka. Akabonyeza.

Kubonyeza kwenyewe nako ni kusema. Wewe msimamizi wa groupe ulisoma maneno madogo kwamba fulani ametoka, na ukajua ni jibu kwa nani.

Sasa binti wa dada yako. Hukunitumia alichopendekeza, kwa hiyo nimejaribu mwenyewe, nikakaa upande wako:

"Bamama, jambo yenu. Donc njo vile tulisikilizana: likelemba ni 20 $, délai ni vendredi 17h. Mwenye iko na shida aniandikie pembeni mbele ya jeudi, tutaona namna. Mais mwenye atanyamaza, amende ya 5 $ itamukamata. Haina miye, ni règlement yetu siye bote."

Angalia Kifaransa kimekaa wapi. Délai, vendredi, jeudi, amende, règlement: vyote ni vitu vya karatasi, vile mlivyoandika kwenye cahier siku ya kwanza mlipoanza. Vimeingia na uzito wao wa ofisi, na ni vizuri viwe na uzito. Lakini watu hawakuguswa na Kifaransa hata kidogo. Kuwasalimu ni kwa Kiswahili, kumwambia mwenye shida aje ni kwa Kiswahili, na kujitetea kwako pia. "Haina miye", yaani si mimi, inafanya kazi ileile ya "sera appliquée", yaani inakuondoa kwenye kosa la kutoza, ila hapa unaondoka huku watu wanakuona, kwa sauti yako.

Kuna maneno mawili madogo ambayo mtu anaweza kuyaruka: "donc" na "mais". Mwaka 1996 mtafiti Vincent de Rooij wa Amsterdam alitoa utafiti juu ya mazungumzo ya hapa hapa Lubumbashi, kwa Kiswahili chetu cha Shaba, jina la zamani la Katanga. Aliona watu wanaongea Kiswahili, lakini kwenye viungo vya maongezi, pale mtu anapogeuza hoja, anapotoa sababu, anaporudi kwenye neno lake la kwanza, wanaweka kiungo cha Kifaransa: donc (kwa hiyo), mais (lakini), alors (basi), parce que (kwa sababu). Maelezo yake ni kwamba viungo hivyo vinafanya kazi vizuri kwa sababu ni vya lugha nyingine. Vinatofautiana na maneno ya pembeni, sikio linashtuka, msikilizaji anajua hapa njia inapinda. Kwenye simu jicho ndilo linaloshtuka. Bamama wako wanasoma wakiwa kwenye taxi-bus, au sokoni commune ya Kenya, hapa mjini, mkono mmoja ukipima unga. "Lakini" inaweza kupita katikati ya Kiswahili isionekane. "Mais" inasimama kama kizuizi barabarani. Kabla yake mlango uko wazi, baada yake umefungwa, na kila mtu amepaona mahali pa kuchagua.

Ungechukua ujumbe huohuo ukautia Kindubile, ungeuharibu. Vijana wanakitumia kuonyesha kwamba wao ni wao, na mama wa likelemba akikitumia atachekesha, na amende haikai na kicheko.

Mwanao sasa. Umwambie hivi, bila kumkaripia. Shana Poplack, mwaka 1980, alichapisha utafiti juu ya Wapuerto Rico wa New York, watu wa Kihispania na Kiingereza. Waliokuwa dhaifu katika lugha mojawapo walikuwa wanachomeka vijineno pembeni ya sentensi tu. Waliozijua lugha zote mbili barabara ndio waliochanganya katikati ya sentensi, bila kuvunja sarufi ya upande wowote. Huwezi kushona vitambaa viwili mshono usionekane kama hujui kushona.

Na ajaribu mwenyewe. Aseme kwa rafiki zake "ile règlement ya groupe". Hakuna atakayegeuza kichwa. Kisha aseme "le kanuni de kikundi". Watacheka. "Nitaku confirmer kesho" inapita. "Je takuthibitisha" haipiti popote kuanzia Kamalondo mpaka Ruashi. Carol Myers-Scotton, aliyefanya kazi sana juu ya Kiswahili na Kiingereza cha Nairobi, aliieleza sheria hii mwaka 1993: lugha moja inajenga nyumba, nyingine inaleta vyombo. Kwetu nyumba ni Kiswahili: ni-, -ta-, -ku- ni vyake, na kitenzi cha Kifaransa kinaingia kama kabati, kinasimama pale kinapoonyeshwa. Aliyecheka "le kanuni de kikundi" ameonyesha kwamba sheria anaijua, hata kama hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha.

Mahali pamoja mwanao ana pointi. Akiandika mémoire, au barua kwa bourgmestre, mkuu wa commune, asichanganye. Austin alisisitiza kwamba kila tendo lina masharti yake: nikikubatiza mimi, hujabatizwa, maana mimi si padri. Ombi kwa bourgmestre lililochanganywa halikosi maana, linakosa sharti, na litabaki chini ya rundo. Hiyo ni elimu ya kujua mahali, na kwenye groupe ya likelemba mahali ni pengine.

Kwa nini haya yote yanauma zaidi kwenye WhatsApp kuliko tukikaa chini ya mwembe? Kwa sababu pale sauti ipo, na hapa haipo. Kila mtoto aliyelelewa hapa anaijua ngazi ya mama anayeita: "Kuya hapa." Kisha: "Kuya hapa, nasema!" Kisha: "Viens ici!" Ya tatu ndiyo yenye fimbo, ingawa maneno ni yaleyale. John Gumperz alieleza mwaka 1982 kwamba kurudia neno kwa lugha nyingine ni njia mojawapo ya kulitia nguvu. Mama anayeita ana macho na mkono wa kusaidia lugha. Wewe ulikuwa na herufi tupu, kwa hiyo kubadili lugha kulibeba mzigo wa uso, wa sauti na wa mkono kwa pamoja. Ulipoanza moja kwa moja na Kifaransa, bamama walisikia "Viens ici!" bila kuitwa mara mbili za kwanza.

Na ufupisho nao una bei yake. Mwanafunzi wangu mmoja aliniandikia: "Bjr prof. Dsl pr le retard. Nitatuma travail demain." Nilikaa na huo ujumbe muda mrefu kuliko alivyokaa kuuandika. Salamu na kuomba radhi kwa Kifaransa, kwa sababu ya cheo changu. Lakini "dsl", herufi tatu, ni radhi ya kiasi gani? Kuomba radhi kunapimwa kwa jasho. "Unisamehe, prof" ni maneno mawili kamili, mtu anayaandika akijua yatamgharimu. Ahadi aliiweka kwa Kiswahili, "nitatuma", nikafurahi, maana huko ndiko mtu anajifunga kwa mdomo wake. Siku akairudisha kwa Kifaransa, "demain", yaani kesho. Demain hiyo ilichukua siku 9. Tangu hapo, mtu akiniahidi kwa Kiswahili na kunipa tarehe kwa Kifaransa, naisikiliza ahadi na tarehe naiacha.

Jambo moja hukuliuliza, nalisema kwa sababu naujua mji wetu. Katika 22 wako lazima kuna wa Kasai, wa Kiluba, wa Kibemba. Mmoja akilipa mapema, unaweza kushawishika umshukuru kwa lugha ya kwao, au umpe "moyo wenu" ya Tshiluba kwa upendo. Mkiwa wawili, fanya. Mbele ya groupe, salamu hiyohiyo inafanya vitendo viwili: inamkumbatia mmoja na inawaambia wengine kuna chumba wasichoingia. Sisi ni watu tuliopita 1992 na 1993, jirani akafukuzwa na jirani kwa sababu ya asili. Kiswahili chetu kilichochanganyika kina faida hii: hakuna kabila linaloweza kukidai, kila mtu ameweka jiwe lake.

Tufike kwenye vitu vya kufanya. Usikubali tena mkono wa maombi kama jibu. Austin angekuambia tendo halijakamilika mpaka upande wa pili ulipokee kama lilivyo. Dau bila mtu wa kulipokea si dau. Mkono wa maombi unaweza kuwa "nimeona", "asante", "nitalipa" au "Mungu anisaidie sina". Andika mwishoni: "Mwenye ametuma aandike 'nimetuma' na saa." Neno "nimetuma" ni dai, na dai unaweza kulihakikisha kwenye M-Pesa au Airtel Money. Emoji huwezi kuihakikisha.

Wale wawili usiwaandikie. Wapigie simu, kila mmoja peke yake, jioni wakati watoto wameshakula. Anza na jina unalomwita siku zote. Usiseme "je m'excuse", utakuwa umerudi bureau. Useme "unisamehe, yaya, nilikuandikia vibaya", halafu nyamaza umwache aongee. Kama tatizo lilikuwa makuta, atakuambia yeye mwenyewe bila kuulizwa. Usimrudishe kwenye groupe kabla hajakubali kwa mdomo wake, maana kumwongeza mtu kwa nguvu nako ni amri.

Na ujumbe wa Kifaransa? Wa kuufuta kwa watu wote muda umepita, WhatsApp inatoa siku mbili na kidogo. Hata ungekuwa na muda, ningekuambia uache. Ukifuta, mahali pake panabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, na bamama 19 kila mmoja atajaza pale maneno yake, makali kuliko yako. Uache ukae. Chini yake weka ule wa kuchanganya, na usisahau kuandika jina lako.